Meno Ambayo Baba Hakuyahesabu

Ndugu, jamaa, majirani, na mafundi mliofunga gereji zenu asubuhi hii, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha yake, pamoja na sehemu moja ambayo baadhi yetu tulitamani isisomwe, ila mwenyewe aliniagiza siku kumi na moja kabla hajafariki, akiwa ameegemea mito mitatu ili apate pumzi, akasema, "Ukisoma yangu usiruke mwaka wa tisini na nne, ukiruka utakuwa umemzika mtu mwingine."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika kota za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, akiwa mtoto wa tatu wa mpakia mizigo na mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, kwenye hesabu akiongoza darasa, kwenye kuandika akiburuza mkia, ndipo babu akampeleka shule ya ufundi, alikotoka Novemba 1968 na cheti cha umakanika.

Januari 1969 aliajiriwa katika karakana ya malori, akakaa miaka tisa chini ya fundi mkuu ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyompa jina la Mzee Chaki, yaani kutambua uwiano wa gia za difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ya gari kuukuu pasipo kitabu wala maneno ya mwenye gari. Alikuwa akilipiga jeki nyuma, akiweka gia huru, akichora mstari wa chaki kwenye matairi na mwingine kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma, kisha matairi yote mawili yanazungushwa pamoja mzunguko mmoja kamili, naye yuko chini uvunguni anahesabu propela imezunguka mara ngapi, na akiwa na shaka anafungua kifuniko cha difu na kuhesabu meno ya gia kubwa na ya gia ndogo, jino kwa jino. Propela ikizunguka mara nyingi, gari lina nguvu ya kupanda mlima na mzigo, ikizunguka mara chache, gari linakimbia vizuri kwenye tambarare lakini mlimani linakata pumzi, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho ukiwa umesimama nje.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 21 Agosti 1976, akafungua gereji yake mwaka 1978, wakajaliwa watoto wanne, wa pili kati yetu akafariki kwa homa mwaka 1983 akiwa na miezi saba.

Sasa nasoma alichoniagiza. Mjomba wetu, mdogo wake mama, alikuwa na pikapu ya mwaka 1962 aliyokuwa akibebea mawe ya ujenzi, na Julai 1994 ekseli yake ya nyuma ilikatika, baba akapata nyingine kwenye yadi ya vyuma chakavu, yenye kibati kidogo kilichobanwa na bolti ya kifuniko cha difu, kimegongwa namba zilezile za gia za zamani. Tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, ekseli ikiwa imeshafungwa, baba alinyoosha mkono kuchukua chaki, mjomba akamwambia, "Shemeji, kibati kimeandikwa, unahesabu nini tena, watu wa mawe wananisubiri," naye baba, ambaye hakuwa mtu wa kuharakishwa, siku hiyo alicheka, akarudisha chaki mfukoni, akamwambia, "Haya, nenda."

Saa nane mchana pikapu ilishindwa kupanda mlima wa machimbo ikiwa na shehena ya mawe, injini ikazima, breki hazikuhimili, ikarudi nyuma hadi kwenye ukuta, na mjomba akafia palepale, akiacha mke na watoto wawili. Mkaguzi wa magari aliandika kwamba breki zilikuwa zimechakaa, jambo ambalo ni kweli, na baba hakuulizwa neno.

Wiki tatu baadaye alikwenda peke yake yalipowekwa mabaki ya pikapu, akafungua kifuniko, akahesabu meno thelathini na tisa kwenye gia kubwa na kumi na moja kwenye ndogo, wakati pikapu ile ilihitaji arobaini na moja kwa tisa, yaani propela ilizunguka mara tatu na nusu badala ya nne na nusu, gia za tambarare, akaelewa kwamba kuna mtu aliwahi kubadilisha kifuniko na kibati kikahama nacho. Angeweza kufunga bolti zile na kunyamaza. Alirudi nyumbani na mikono ya grisi, akasimama mlangoni mwa jiko, nami nilikuwepo nikimenya viazi, akasema, "Mama watoto, breki ni breki, lakini gia nilikosea mimi, sikuhesabu." Mama akamuuliza, "Na leo umehesabu ya nini?"

Kwa miaka sita mama alimwandalia chakula na hakukaa naye meza moja. Baba aliwasomesha watoto wa mjomba hadi walipojitegemea, na gereji yake ikapungua wateja, kwa sababu hakukubali gari lolote litoke kabla hajalihesabu mwenyewe mara mbili, hata lililoletwa kubadilishwa taa.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2021, akalazwa mara tano, akafariki tarehe 3 Juni, mwaka 2024, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Jana nilimuuliza mama kama nisome yote haya, akanijibu, "Soma, aliyekufa machimboni ni ndugu yangu na huyu ni mume wangu, wote ni wangu kuwazika."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotoa viti na maji, na mafundi wenzake mliobeba jeneza. Tunamshukuru pia mtoto mkubwa wa mjomba, ambaye kwa miaka thelathini hakukanyaga nyumbani kwetu, na jana alasiri aliingia bila kupiga hodi, akachukua jembe lililokuwa ukutani, akaenda kuchimba kaburi hili pamoja na wengine mpaka likaisha.

Baba, kazi imekwisha, lala kwa amani.