Kwanza-Halafu na Bibi wa Foleni ya Jirani

Mwaka ule wa tisini na nne, benchi letu pale Benaco, kambini kwa wakimbizi, lilikuwa na ubao mmoja, birika langu la kahawa na wajuzi watatu. Mkubwa wao, mzee Theonest, tulimwita Kwanza-Halafu. Alikuwa wakala wa forodha mpakani, darajani Rusumo, akajua huko kwamba muhuri wa pili haugongwi kabla ya wa kwanza. Tangu hapo dunia nzima anaipima kwa mihuri. Pembeni yake alikaa Clotilda, mkimbizi, siku ya sita analia. Alivuka daraja na mama yake, umati ukawatenganisha, na kwenye orodha ya watu wa kwao mama hayumo.

— Karudi kufuata ng'ombe, — akasema Ndassa, mfugaji. — Mimi ningerudi.

— Mama hana ng'ombe, kaka.

— Basi karudi kutafuta wa kuanzia.

— Wapi! — Fabiani, mjuzi wetu wa tatu, akadakia. — Kadandia lori la mahindi. Saa hizi yuko Dodoma, ana kiwanja.

— Nyamazeni! — Kwanza-Halafu akatua kikombe. — Binti, ng'ambo hii ulimwona?

— Nilimshika mkono, mzee.

— Basi yuko huku. Siku sita, lazima kala. Ili ale, awe na kadi. Ili apate kadi, aandikwe. Ili aandikwe, anaulizwa nini?

— Kwenu wapi.

— Haya. Daraja limembadilishia nchi, kichwa halikukigusa. Mama yako tangu zamani akiulizwa kwao, anataja wapi?

Clotilda akaacha kulia.

— Alikozaliwa! Miaka arobaini ya ndoa, kwa baba hajawahi kupataja!

— Na foleni za chakula zimepangwa kufuata kwao mtu, kwa hiyo...

Binti alishatimua mbio.

— Huyu mtu! — Ndassa akapiga makofi. — Kampata bila kunyanyua tako!

Birika halijapoa, Clotilda huyo, kamshika mkono bibi mwembamba, kadi kaibana kwapani.

— Shikamoo, bibi!

— Marahaba, wanangu.

Tukamweleza yote, mpaka habari za mihuri. Bibi akamtazama Kwanza-Halafu kwa heshima kubwa, kisha akaigeukia foleni yake, hatua mia mbili kutoka benchini.

— Kaniona akiwa amekaa hapa hapa?

— Hapa hapa, bibi!

— Mungu ampe maisha. Na siku zote sita, nani alisimama akaja kuangalia?

Kwanza-Halafu akautafuta muhuri wa kwanza hadi chini ya kikombe chake. Kahawa ilikuwa imebaki kikombe kimoja. Nikampa bibi.