Mtapo wa Mncedisi

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na kiti kilicho mbele yangu hakina mtu. Nimejaribu kuandika tangazo nikashindwa, kwa hiyo nitawaeleza tu kama ninavyoweza. Tata Zwelibanzi Mabhentsela amefariki. Mzee wetu wa mitapo, ile mimea ya shina nene na majani kama ya mtende, amefariki. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Kwa miaka kumi na moja alikaa hapa akijibu maswali yenu ya bustani. Na nyinyi, jamani, mlikuwa na swali moja tu: "Tata, mtapo wangu mchanga hautoi majani mapya, nifanyeje?" Hakuchoka. Aliuliza kwa upole, "Mtoto ana maji? Ana jua? Ana samadi kidogo? Basi mwache." Lakini ole wako uulize kama ukate majani ya zamani ili mapya yaje haraka! "Wewe mama, ukimkata majani mabichi atakula nini? Hayo majani ndiyo chungu chake!" Tulicheka humu ndani mpaka fundi wa mitambo anatugongea kioo.

Kipindi kikiisha alivaa kofia yake ya sufu, akasimama pale mlangoni. "Nomvuzo mwanangu, kuna aliyepiga kutoka Gqeberha?" Namjibu hakuna. Anaondoka. Miaka miwili aliniuliza hivyo, kila Jumamosi, nami nikidhani ana rafiki huko.

Hakuwa rafiki. Alikuwa mwanawe wa pekee, Mncedisi.

Wengi wenu mnalijua hili, ila mlinyamaza kwa heshima. Miaka sita iliyopita Tata alikuta mitapo minne imefunikwa magunia katika zizi lake la mbuzi. Ilikuwa mikubwa, ya porini, iliyong'olewa kwenye magenge ya mto, ile ambayo kuing'oa ni jela. Aliitazama mizizi, akajua imeibwa, na kwamba ni kazi ya Mncedisi. Akavaa koti, akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe. Mncedisi alifungwa miaka minne. Mahakamani hakumtazama baba yake hata mara moja, na gerezani alikataa kuonana naye.

Alipotoka alikwenda mjini Gqeberha, wala hakupiga simu. Nyumbani ukabaki mtapo wake mmoja, alioupanda kwa mbegu akiwa na miaka kumi. Ulikuwa unafika magotini tu, maana mitapo haina haraka. Kila Septemba ulitoa majani mapya. Siku moja mama yake, Mama Nokwakha, akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la ukoo, "Jwarha, Mncedisi ameniletea ujumbe. Anasema atarudi mtapo wake ukitoa majani."

Septemba ikaja. Mtapo haukutoa kitu. Mitapo huruka mwaka, Tata mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Septemba ya pili ikaja, haukutoa kitu.

Basi mwaka huu, baridi ya Juni ikiwa kali, mzee akaanza haraka. Akaumwagia maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Akaongeza samadi, akaongeza tena. Akaufukua atazame mizizi, akaufukia, wiki iliyofuata akaufukua tena. Kisha akachukua mkasi akakata majani yote.

Mama Nokwakha alimkuta. "Jwarha! Si wewe unayewafokea watu redioni?"

"Redioni si nyumbani kwangu," akamjibu. "Niache."

Kipindi chake cha mwisho mnakikumbuka. Mama mmoja alipiga simu akauliza lile swali la kukata. Mimi nikawa tayari kucheka. Tata akaisogeza karibu maikrofoni. Kisha akasema, "Usikate, mama. Mimi nimekata wangu."

"Wewe, Tata?"

"Mimi. Nilikuwa na haraka."

Siku nne baadaye moyo wake ulisimama, akiwa amepiga magoti kando ya mtapo ule na kopo la maji mkononi. Nasema wazi, niliumia. Niliumia kwa sababu nilimwona akizeeka mbele yangu Jumamosi hadi Jumamosi, na sikumuuliza Gqeberha kuna nini.

Mncedisi alikuja mazishini. Alisimama getini mpaka watu wakala umngqusho, yale mahindi na maharage ya msibani, wakatawanyika. Ndipo akaingia, akauona mtapo. "Mama, nani ameukata hivi?"

"Baba yako. Alitaka utoe majani upesi. Ulisema utarudi ukitoa majani."

"Mimi? Mimi sijasema hivyo, Mama. Sijatuma neno lolote."

Mama Nokwakha ameniruhusu kulisema hili hewani. Ameniambia, "Sema, Nomvuzo, nimechoka kulibeba." Ule ujumbe aliutunga yeye. Mumewe alikuwa hali, halali, akaona ampe la kungojea. "Ulikuwa unatoa kila mwaka," aliniambia. "Nilijua utatoa."

Mncedisi alichuchumaa, akabonyeza kichwa cha mtapo kwa kidole gumba, kama baba yake alivyomfundisha. Kidole kikazama. Umeoza.

Hajaondoka tangu siku ile. Kila asubuhi anaumwagia maji. Juzi nilimuuliza Mama Nokwakha kama kijana anajua kwamba umekufa.

"Anajua," akasema. "Lakini mimi, kuhusu huo mtapo, simwambii tena mtu chochote."

Wasikilizaji wapendwa, tuungane na familia ya Mabhentsela katika msiba huu. Pole sana, Mama Nokwakha. Hapa hakuna anayekuhukumu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako mliyeachana kwa uchungu, mpigie leo, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, usimtume mtu.

Mncedisi, nawe pole, ndugu yangu. Kama redio ya jikoni imewashwa, naomba unisikie. Kila Jumamosi, pale mlangoni, baba yako aliuliza kama kuna simu kutoka Gqeberha. Hakuwahi kutaja majani.