Dole Gumba kwenye Sarafu ya Fedha

Mwanamume aliyeketi mbele yangu kwenye treni alikuwa anairudisha sarafu ya fedha mnadani, na alitaka behewa zima lijue kwa nini.

"Tazama mwenyewe, mama," alimwambia fundi cherehani aliyeketi kando yake, pini bado ziko kwenye ukosi wa gauni. "Mimi sarafu naishika ukingoni tu, tena kwa glavu. Hii nimeifuta, nikaifungia kwenye kikasha cha plastiki. Asubuhi nakuta alama ya dole gumba. Naifuta tena, inarudi ileile."

Mimi nilishajua jibu: mke wake. Watu wa sarafu hawakumbuki kwamba wameoa.

"Hiyo alama ina kovu katikati?" aliuliza yule mama.

Mwanamume akamgeukia. "Umejuaje?"

"Bibi yangu alijikata na mkasi. Hiyo sarafu alikuwa anaisugua kila akiwa na mawazo. Tulipomzika, mimi ndiye niliyeipeleka mnadani."

"Basi ichukue! Bure!"

"Kaka, unadhani niliiuza kwa sababu ya njaa?"

"Lakini ni bibi yako!"

"Na mkono ulionyoosha mnadani ni wako. Nani alikulazimisha?"

Walibishana hivyo mpaka treni iliposimama, wakashuka mbiombio, kila mmoja kwa mlango wake. Kikasha kilibaki kitini. Nikainuka kuwaita, milango ikajifunga. Ndipo plastiki ilipoingia ukungu kwa ndani, kama kioo kilichohemewa, na dole gumba likaanza kuufuta, taratibu.