Nilichoma Nguo ya Mwalimu wa Ngoma

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Sikilizeni kwanza nilichofanya, halafu mtaamua wenyewe.

Wengi mnanijua kama mama wa cherehani. Nilianza kushona kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na huku ughaibuni, hapa Brooklyn Center, vitenge vingi mlivyovaa leo vimepita mikononi mwangu. Nina binti mmoja. Baba yake tulimzika Congo kabla ya safari. Kwa hiyo nikisema binti mmoja, mjue ninasema nyumba yangu yote.

Alipofika miaka kumi na minne alianza kwenda mji wa Saint Paul kila Jumamosi kucheza ngoma. Mwalimu wake alikuwa mama mzee wa Kichina, mfupi, mkali, aliyefundisha ngoma za asili za kwao kwa mtoto yeyote aliyekuja. Sikuwa na neno. Bon, sawa, mtoto anacheza, hazururi. Lakini siku moja akaleta nyumbani nguo ya onyesho aliyoazimwa na mwalimu. Nyeupe! Mikono yake mirefu inapita vidole mpaka inagusa sakafu. Akaivaa sebuleni, akairusha ile mikono juu, ikaelea. Mimi nikaona sanda. Nawaambia, nywele zilinisimama.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye WhatsApp ya wamama wa maombi. Majibu yakaja mbio: hiyo ni ya mizimu, mama, itoe ndani ya nyumba. Mnacheka? Baadhi yenu ndio mlioandika! Siwalaumu, kiberiti kilikuwa changu. Mtoto akiwa shuleni, niliichoma kwenye jiko la kuchomea nyama lililo nyuma ya apartimenti. Ikatoa harufu ya nywele zinazoungua. Mimi ni fundi, nikajua palepale kwamba ni hariri halisi na kwamba mtu ameishona kwa mkono. Sikuizima.

Binti aliporudi hakupiga kelele. Aliangalia yale majivu, akaniambia, "I'm done, Mom." Amemaliza na mimi! Akafunga begi, akaenda kwa dada yangu anayeishi Champlin. Nikadhani ni hasira za siku mbili. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Nikipiga simu hapokei. Nikawa nakaa mbele ya cherehani kutwa nzima bila kushona hata pindo.

Ninyi mnajua desturi yetu. Mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Anapika kuku, mtoto anakula, yamekwisha. Basi nikapika kuku, nikapeleka Champlin. Hakutoka chumbani. Nilirudi na sufuria imejaa vilevile.

Ndipo mwalimu akabisha mlangoni kwangu. Theluji imejaa, amepanda mabasi mawili, mzee wa umri ule! Nikajua binti amemweleza, na amekuja kunitukana. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, tukaenda hivyohivyo.

"Wewe ulichoma?"

"Ndiyo, mama. Mimi."

Akakaa kitini bila kukaribishwa. Halafu akasema, "Mimi pia nilichoma."

Nilishtuka, nikafikiri sijasikia vizuri. Akanieleza polepole. Alipokuwa msichana, kwao ulifika wakati vijana walipoambiwa na viongozi wa nchi kwamba ngoma za zamani ni uchafu. Yeye alikuwa na mwalimu aliyempenda, aliyemfundisha tangu mtoto. Alibeba nguo za mwalimu huyo kwa mikono yake mwenyewe, akazitia motoni katikati ya uwanja wa shule, na mwalimu amesimamishwa pale anaangalia. Akiwa na miaka kumi na mitano, ndugu zangu! Tena alikuwa anaimba.

"Nilitaka kwenda kusema samahani," akaniambia. "Niliona aibu. Nikangoja mpaka akafa. Sasa nafundisha. Mtoto wa nani, sijali. Kila mtoto, nasema samahani kwa mwalimu wangu. Lakini yeye hasikii."

Mimi nilimwogopa mama huyu kwa sababu ya mizimu, kumbe anabeba mzigo kama wangu, na wake hakuwa na pa kuutua. Akanishika mkono, akasema, "Binti yako yuko hai. Nenda. Usipike. Sema kwa mdomo."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nikapiga magoti mlangoni pa chumba, mimi mzazi, dada yangu ameshika kichwa kwa mshangao. Nikasema, "Mwanangu, nilikukosea. Niliogopa kitu nisichokijua, nikachoma kitu ulichoaminiwa. Nisamehe." Nikabaki palepale, magoti yanauma. Mlango ukafunguka. Akanitazama kama hanijui, akauliza kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho alikuwa haongei nami kwa miaka, "Nani amekufundisha kusema hivyo?" Nikamwambia, mwalimu wako. Alilia, nikalia, na dada yangu naye, ambaye hana kosa lolote, akalia.

Baada ya hapo nilimshonea mwalimu nguo nyingine. Mara ya kwanza niliipinda pindo nene kama la kitenge. Akarusha mkono mmoja wa nguo, ukaanguka pwaa, kama taulo lililolowa. "Fumua," akasema. Nilifumua mara nne! Miaka iliyofuata nilivisha kikundi chake kizima.

Amefariki mwezi uliopita. Siku ya kumuaga, ukumbini walicheza watu wazima aliowafundisha wakiwa watoto, Wachina, Wahmong majirani zetu, Wazungu, na binti yangu mbele yao. Sasa yeye ndiye anayefundisha wadogo Jumamosi. Mpaka leo nikimtazama sielewi jinsi mtu niliyemchomea nguo alivyonirudishia mtoto.

Namshukuru mama yule. Namshukuru dada yangu aliyemlinda binti bila kunisimanga. Nawashukuru na ninyi mliokuja kunitazama nilipokuwa siongei na mtu.

Nina neno moja tu. Ndani ya ukumbi huu kuna mama, na kuna baba, ambaye mtoto wake hapokei simu yake. Sitamtaja, anajijua. Tusimalize mkutano kwa maombi kwanza. Toka nje sasa hivi, mwandikie, sema umekosa. Sisi tunakaa. Tutakungoja mpaka urudi.