Bwana Nurudini, Nyegere na Kidugamba wa Titye

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Nurudini Hamis, afisa ugani wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, ya mwanzo Kibondo na iliyobaki hapa Kasulu. Alikuja kutoka Newala akiwa na godoro, redio na hakika kwamba angehamishwa upesi. Pole yake, bahati yetu.

Wakulima wanamjua kwa somo lake la nyegere na kidugamba, ambalo sisi wa ofisini tumelisikia mpaka tunaliota. Nyegere, husema, huja kwa fujo, huvunja mzinga, hutukanwa na kijiji kizima, kisha huenda zake. Kidugamba hana hata sauti. Hujibandika chini ya jani la mbuni, akanyonya utomvu, na kuondoka haondoki. Ofisini tumeshagawana: Pasikali wa stoo ni nyegere, na mimi ninayeandika haya nimeambiwa ninakaa kitini kama kidugamba.

Somo lilizaliwa kijijini Titye. Nyegere alikuwa amekula asali ya Mama Pelagia, mjane, na wakati huohuo mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe ikaanza kukauka, majani yakinata na kuwa meusi kama yamepakwa masizi. Kijiji kikakata shauri: nyegere akishashiba asali anajifuta mikono kwenye kahawa. Vijana wakashika mikuki, mbwa wakakusanywa, na Mama Pelagia, akilia, akanoa panga aifyeke mibuni yote.

Bwana Nurudini alifika asubuhi hiyo. Akachuma jani, akalilamba mbele ya mkutano, akatangaza kwamba ni tamu lakini si asali. Akaligeuza, akawaonyesha vidugamba na sisimizi wanaowalinda. Mzee Kipriani akauliza kwa upole huo utamu unamtoka mdudu wapi. Bwana Nurudini akajibu kitaalamu kwamba ni kinyesi chake. Mkutano ulichukua muda kutulia.

Panga likawekwa chini. Kwa wiki kadhaa yeye na Mama Pelagia waliosha majani kwa maji ya sabuni ya mche na kumwaga majivu shinani ili sisimizi wasipande. Mibuni ikachipua. Nyegere hakuombwa radhi.

Bwana Nurudini, asante sana, tunaumia kukuaga. Tunakuombea safari njema ya Newala, afya na usingizi wa kutosha. Kahawa ya leo baada ya hotuba imetoka kwenye mibuni ileile. Mama Pelagia ameileta mwenyewe, na ameagiza kikombe cha kwanza upewe wewe, hata kama mkuu wa idara ameshakaa.