Saynab Alio na Vitambaa vya Majeruhi

Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa Saynab, na ndiye aliyemchukua. Marehemu Saynab Alio alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 huko Balambala, binti wa Mzee Alio Guleid, mfugaji, na Mama Lul.

Alisoma Balambala na Garissa wakati mabinti wengi walibaki na mbuzi. Wajomba waliponung'unika, babake aliwajibu kwamba hajaona mbuzi akimtibu mtu. Mwaka 1977 alihitimu uuguzi Nairobi. Mwaka 1979 aliolewa na Abdiwahab Bare, mfanyabiashara wa ng'ombe, wakajaliwa watoto watatu.

Alihudumu Bura, kisha kuanzia 1991 akasimamia wauguzi katika kituo kimoja cha afya nje ya mji wa Garissa. Ilikuwa miaka ya bunduki. Majambazi walishambulia magari na maboma, na majeruhi wakaletwa kwa mikokoteni ya punda. Aliyetibiwa kwanza ni mwenye jamaa wenye sauti kubwa; mnyonge alivuja damu mlangoni hadi akakata roho.

Mwaka 1995 alitoka kwenye semina ya usimamizi wa miradi akiwa na azma. Aliwaambia wauguzi wenzake kwamba watashika tatizo moja tu, kila hatua iwe na mwenyewe na tarehe yake, na kila Alhamisi wakae kwa chai ya maziwa ya ngamia waambiane kilichoharibika. Majeruhi wangefungwa kitambaa mkononi: nyekundu atibiwe sasa, manjano asubiri kidogo, nyeupe asubiri zaidi.

Wiki ya kwanza mambo yaliharibika. Jamaa za waliofungwa nyeupe waliangua kilio, wakidhani ni sanda. Ajuza aliyeteguka mkono alimwambia, "Saynab, mbona wanizika na chai sijanywa?" Saynab alicheka sana. Alhamisi hiyo nyeupe ikawa kijani. Kadiri miezi ilivyopita, vifo vya mlangoni vikawa nadra.

Tarehe 20 Agosti 1996 boma lilishambuliwa. Binti wa mfugaji mmoja, Kaaha, aliletwa tumbo limepasuliwa kwa risasi, akafungwa nyekundu. Nyuma yake akaingia mtu mwenye bunduki na ndugu yake aliyechubuliwa mguu. Ndugu huyo alipewa kijani.

"Abaayo, dada yangu, mfunge ndugu yangu nyekundu. Huyo msichana si wa kwetu."

"Sichagui mimi," alijibu Saynab. "Jeraha ndilo linalochagua."

Mwenye bunduki alimpiga Saynab risasi kifuani, akatoroka, akamwacha ndugu yake. Muuguzi Deeq alimkimbilia Saynab, lakini yeye akamsukuma kwa mkono uliolowa damu. "Zuia damu ya mtoto kwanza. Mimi nimeshachelewa." Alitamka shahada, akafariki sakafuni.

Kaaha yu hai. Na zamu ya kijani ilipofika, Deeq alimsafisha yule ndugu mguu na kumfunga bendeji, kwa maana ndivyo alivyofundishwa.

Saynab ameacha mume, Abdiwahab. Watoto Roda, Fathi na Abdinoor. Mama yake, Lul, na dada yake, Khadro. Ewe Mola, mpanulie kaburi lake, umpe pumziko ambalo hapa hakulipata. Amin.