Skrubu za Piano ya Mwalimu

Ng'oo. Sauti moja tu, nzito, kama mtu aliyeguna usingizini. Ilitoka sebuleni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mzee Randa akafumbua macho, mkono wake ukapapasa upande wa pili wa kitanda, upande ambao haujalaliwa na mtu tangu mkewe afariki. Jina la marehemu lilimpanda mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, kama mtu anavyomeza kidonge bila maji.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kijiweni. Kijiwe chenyewe ni benchi alilolichonga kwa mikono yake enzi za useremala, limeegemea ukuta wa kinyozi, kwenye kona ambayo jua huchelewa kuifikia. Mama Buli, muuza kahawa, huweka jiko lake la mkaa pembeni na ulimi wake mbele. Gia, dereva wa malori aliyestaafu, hukaa mwisho wa benchi na kunyoosha mguu wa kulia kana kwamba bado ana mafuta ya kukanyaga. Kinyozi hunyoa mlango ukiwa wazi, asije akapitwa na neno.

— Piano imelia usiku, alisema Randa.

— Panya, alisema Gia.

— Panya gani? Kifuniko nilikipiga skrubu mwenyewe.

Kila mtu alijua habari za skrubu hizo. Msiba ulipokwisha na wageni kuondoka, Randa alichukua bisibisi, akakifunga kifuniko cha piano ya mkewe, akaitandikia kitambaa na kuweka redio juu yake. Fundi ambaye maisha yake yote hakupata kugonga hata msumari kwenye mbao iliyokwisha kupakwa vanishi! Hakuna aliyemuuliza. Msiba una ufundi wake.

Akawaeleza sasa kwamba mkorofi amepatikana. Mjukuu wake ameubandua ubao wa chini, ule wa penye kanyagio, akaingiza mkono na kuvuta waya. Mtoto wa miaka minne. Kijiweni walimjua kwa jina la Mchumba, kwa kuwa ndivyo babu yake alivyomwita, kama babu yeyote. Amerithi jina la bibi yake, kwa hiyo mama yake humwita Mama. Jina lenyewe likabaki kabatini kama nguo ya sikukuu ambayo hakuna anayethubutu kuivaa.

Ambacho Randa hakukisema ni kwamba bisibisi ilikuwa mfukoni mwake. Alfajiri binti yake alimwambia kwa upole, bila kumtazama, kwamba amemtafutia mtoto mwalimu wa piano na mwalimu atakuja leo asubuhi. "Baba, ukizitoa skrubu, vyema. Usipozitoa, nitamwambia arudi zake, na hatutalizungumza tena." Randa akavaa viatu na kuja kijiweni. Alitaka wazee wenzake wamwambie kwamba ni upuuzi, arudi nyumbani na hukumu mkononi.

— Hebu niambieni, alisema. Mtoto hata kufunga kiatu hajui. Piano itamsaidia nini?

— Sana tu, alisema Gia. Samaki mkunje angali mbichi.

— Wewe umkunje mtoto wa watu, alisema Mama Buli, halafu umtie na ndimu.

Gia hakutetereka. Alisema piano ina kanyagio, na mkono wa kushoto hufanya lake wakati wa kulia unafanya lake. Hiyo ni nini kama si lori? Watoto wote wa chekechea wangefundishwa piano, ajali zingeisha barabarani. Yeye mwenyewe alijifunza gia ukubwani, ndiyo maana aliingia kwenye ukuta wa posta.

Kinyozi alitoka na wembe, akamwacha mteja na povu shavu moja. Kwa maoni yake jambo lenyewe ni la vichwa. Ameshika vichwa vingi, anavijua. Mtoto anayepiga piano masikio yake husimama vizuri, kichwa kikapata umbo, hesabu zikaingia bila kusukumwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, ndiyo maana Mungu akatoa kumi na piano ikawa na vibao vingi.

— Kwa hiyo piano ni ya kuvunjia chawa, alisema Mama Buli.

— Wewe cheka. Hata talaka zitapungua. Mkono mmoja unajifunza kunyamaza mwenzake akisema.

— Basi wewe ulihitaji kuanza tumboni.

Mteja mwenye povu alicheka mpaka likamwingia mdomoni. Randa hakucheka. Hukumu aliyoitaka ilikuwa inamponyoka, na kila mtu alikuwa anaisukuma mbali zaidi bila kujua.

Kisha Mama Buli akamimina kahawa na kusema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake:

— Mnakumbuka siku ya mkokoteni?

Nani angesahau? Chekechea alikofundisha mke wa Randa ilipofungwa, Mwalimu, kama walivyomwita, alipewa piano kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Lori la Gia lilikuwa limeharibika, wakakodi mkokoteni. Gia na Randa wakisukuma, Kinyozi akivuta, jua likichoma, na Mwalimu akitembea pembeni, kifuniko kimefunguliwa. Kila walipochoka alinyoosha mkono mmoja akapiga ule wimbo wa kuwaingiza watoto darasani, na miguu yao ikajikuta inafuata. Watoto wa mtaa walipanga mstari nyuma ya mkokoteni bila kuambiwa. Walipofika, piano ilikuwa na vumbi hadi ndani, na Mwalimu aliketi juu ya ndoo akaipiga hivyo hivyo, hadi giza likaingia na hakuna aliyekumbuka kupika.

— Wale watoto leo wana ndevu, alisema Kinyozi. Nawanyoa. Nikifika chini ya kidevu, wanaanza kuuvuma wimbo ule. Ukiwauliza wameutoa wapi, hawajui.

Randa alitazama ndani ya kikombe chake. Aliyatarajia maneno ya kipuuzi na alijiandaa nayo. Haya hakujiandaa nayo.

Ndipo akatokea binti mmoja, mkoba wa kitambaa begani, akawaamkia wote shikamoo na kuulizia nyumba ya fundi mwenye piano. Aliitikiwa marahaba mara tatu; Randa alipeleka mkono mfukoni, kwenye bisibisi. Gia hakumpa nafasi ya kupumua. Akamtaka aseme, yeye aliyesomea mambo hayo, piano inamfaa nini mtoto mdogo namna ile.

— Wapo wanaosema inaongeza akili, wazee wangu. Mimi naona mambo madogo. Anajifunza kusikiliza mpaka mwisho. Anajifunza kukosea na kurudia bila kulia. Vidole vinapata nguvu, siku ya kushika penseli hahangaiki.

— Na ajali? aliuliza Gia.

— Hizo sijafika, babu.

Akacheka kidogo, kisha akauliza swali lake, jepesi kabisa.

— Mtoto anaitwa nani?

— Mchumba, alisema Kinyozi.

— Hilo ni la babu yake. Mama yake kwenye simu alisema tu "Mama". Nataka jina lake. Somo langu la kwanza halina noti. Tunapiga jina la mtoto, kila silabi na kibao chake. Akishajisikia yumo ndani ya piano, haiogopi tena.

Gia akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mama Buli. Asubuhi nzima walikuwa wamemtengenezea mtoto kichwa, barabara na ndoa, na jina lake hakuna aliyelijua. Hata la bibi yake hawakulijua. Walimwita Mwalimu, siku zote.

Wakamgeukia Randa.

Mzee alikuwa ameshasimama. Bisibisi imo mkononi, na kidole cha mkono mwingine kilikuwa kinagonga ukingo wa benchi polepole, mara tatu, kikatulia, mara tatu tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

— Tausi, alisema.